Madoa ya Rimu na Jicho la Mama Mkwe

Ijumaa. Kitale imeamka na ile baridi yake ya kukufanya uoge uso tu. Jua limechomoza kwa kusitasita, na mimi nimeshinda na roho juu juu tangu asubuhi.

Leo Mama amefunguliwa jicho.

Mama ni mama mkwe wangu, mamake Nafula mke wangu, wa kule Naitiri. Kwa asiyejua mila zetu sisi Wabukusu: mimi na yeye hatupeani mkono, hatuketi chumba kimoja, na tukikutana njiani mmoja wetu lazima ajitose kwenye majani ya kando ampishe mwenzake. Si chuki, ni heshima. Miaka yote ya ndoa yangu, kila neno lake kwangu limepitia mdomoni mwa Nafula. Nafula husema sisi ni watu wa kanisa na mambo hayo yamepitwa na wakati, lakini mwambie aende amweleze mamake.

Sasa mtu asiyeruhusiwa hata kukusalimia, atakuonyeshaje kwamba anakupenda? Huyu wangu huonyesha kwa kazi. Nikifika Naitiri, nakuta maji ya kuoga yapo bafuni, yana moto wa kiasi, na aliyeyaweka hajulikani. Viatu vyangu vyenye matope navikuta asubuhi vimekauka na kung'arishwa. Nimezoea kupendwa kimya kimya namna hiyo.

Ndiyo maana hili la rimu za gari langu lilinipata.

Wakati wa mvua kubwa barabara ya kwao iliharibika, nikaacha gari uani kwao na kurudi Kitale kwa bodaboda. Gari lenyewe ni kuukuu. Rimu zake ni za alumini, na sidhani aliyeniuzia aliwahi kuzigusa hata kwa kitambaa. Vanishi ilikuwa imebanduka, vumbi la breki limegandamana, na matope yamekaukia juu yake. Mama akazipapasa, akaona aibu kwa niaba yangu. Mkwe wake anatembea na magurudumu kama hayo mbele ya majirani! Akazisugua kwa majivu, jinsi anavyosugua sufuria. Uchafu ulipokataa kutoka, akalowesha vitambaa kwa munyu, yale maji ya majivu ya maganda ya maharagwe tunayolainishia mboga, akazivisha rimu zote nne na kuziacha zilale hivyo hadi asubuhi.

Munyu hulainisha mboga. Alumini huiunguza.

Nilipoenda kuchukua gari nilikuta mabaka meusi, mengine ya kijivu, kama uso wa mtu aliyetoka kuugua tetekuwanga. Nakiri nilinuna kutoka Naitiri hadi Kitale. Lakini Mama hakuyaona. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, na kwake rimu zilikuwa weupe tu kwenye ukungu. Alimuuliza Nafula kwa simu kama zinang'aa. Nafula, Mungu amsamehe, akajibu kwamba zinang'aa mpaka zinaumiza macho. Basi Mama akatangaza sokoni, akatangaza kanisani: gari la mkwe wangu nimelitakasa kwa mikono yangu.

Kisha daktari akasema jicho la kulia liko tayari kupasuliwa. Nilifurahi, tena sana. Halafu nikakumbuka ni nani atakayekwenda kumchukua hospitalini, na kwa gari gani.

Kwa hiyo wiki nzima hii, kila nikifunga duka langu la mbegu, nimekuwa nikichuchumaa kando ya gari. Mwanzoni nilitaka njia ya mkato. Nilijaribu limau, nikajaribu dawa ya meno, halafu nikanunua polishi ya bei mbaya na kusugua mpaka bega likalia. Chuma kilichozunguka doa kiling'aa vizuri sana. Doa lenyewe likabaki palepale, sasa likionekana hata na mtu aliye ng'ambo ya barabara. Polishi haiondoi doa sugu. Inaliandalia kiti cha mbele.

Ilibidi nirudi nyuma. Nilipiga jeki, nikatoa magurudumu, nikayaosha kwa sabuni mpaka mafuta yote yakaisha. Nikashika msasa wa maji, ule wa kukwaruza kwanza, nikausugua juu ya doa ukiwa umelowa, mpaka doa likaisha na kuacha mikwaruzo. Nikachukua msasa laini kuondoa mikwaruzo ya ule wa kwanza, na mwingine laini zaidi kuondoa ya ule wa pili. Ukiruka mmoja, utakuja kujuta jua likichomoza. Polishi ikaja mwisho kabisa, na juu yake unga wa mahindi kwa kitambaa kikavu, kunyonya ule weusi unaobaki. Nafula alilalamika kwamba ninalisha gari ugali. Lakini ndiye aliyenishikia tochi.

Rimu tatu zilikubali. Ya nne, ya nyuma kushoto, munyu ulikuwa umeila mpaka ikawa na vishimo. Niliisugua jana mpaka kiza, nikaisugua tena leo alfajiri. Madoa yalipungua, hayakuisha.

Nikaamua kumficha Mama hayo madoa. Si kwa ubaya. Niliogopa kwamba akiyaona hatagusa tena kitu changu chochote. Hakutakuwa na maji ya moto wala viatu vilivyong'arishwa, na mimi na yeye hatuna njia nyingine.

Hospitalini niliegesha gari ubavu wa kushoto ukiwa umeelekea ua wa miti, karibu mno. Nikafungua mlango wa nyuma wa kulia, nikasimama kando ya mlango wangu. Mpango ulikuwa mzuri. Akitoka wodini alikolala, maana nyumbani kwangu hawezi kulala hata kwa dawa, ataona rimu mbili zinazong'aa, ataingia, tutaenda.

Akatoka ameshikwa mkono na Nafula, amevaa miwani nyeusi. Akasimama, akaivua. Akanitazama. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kunijua sura vizuri. Mimi nikainamisha kichwa.

Halafu Mama akafanya alichokifanya maisha yake yote akikutana na mkwe. Akanipisha.

Akazunguka nyuma ya gari, akajipenyeza kati ya gari na ule ua, moja kwa moja mpaka kwenye gurudumu la nyuma kushoto. Nilikuwa nimepanga kila kitu, nikasahau adabu yake.

Kutoka upande wangu nilikuwa naona kilemba chake tu, halafu hata kilemba kikazama.

"Mama, daktari si amesema usiiname!" Nafula akapaza sauti.

Mama akaanza kuongea, polepole, na hakuwa akiongea na Nafula.

"Wewe gurudumu. Kumbe ni mimi nilikuchoma hivi? Pore. Pore sana. Na hao wenzako wamepona, nani amewashughulikia?"

Mila inamkataza kuongea nami. Haisemi lolote kuhusu gurudumu.

Nikaliambia paa la gari, kwa sauti ya kumfikia, "Gurudumu, mwambie Mama hakuna kitu kimeharibika. Ni kusugua kidogo tu."

"Gurudumu, mwambie mwenye gali asinidanganye tena kupitia kwa mtoto wangu. Si jicho niko nalo sasa? Ni moja, lakini linaona." Nikasikia kidole kikikwaruza rimu. "Na mwambie hii ingine aache. Daktari akinikubalia, alete hiyo kalatasi yake ya kusugua. Hii ni yangu."

Watu waliokuwa wakingoja dawa walitutazama kama wendawazimu. Nafula alikuwa anacheka huku akijifuta machozi. Mimi sikucheka. Nilifuta machozi tu, nikajifanya natafuta ufunguo.

Njiani kwenda Naitiri Mama aliketi nyuma kushoto, uso dirishani, na hakutamka neno hadi kwao. Nampenda huyu mama. Neno hili naliandika hapa kwa sababu hakuna pengine pa kulisema.

Nafula anasema nimalize hiyo rimu kesho, nisitembee Kitale nzima na gurudumu moja lenye madoa. Sitaligusa. Siku daktari atakapomruhusu, nitabeba msasa, ndoo na unga, niende Naitiri. Nitakaa upande wangu wa gari, na yeye upande wake. Gari likiwa katikati yetu hakuna mila itakayovunjika, na kwa jinsi vile vishimo vilivyo virefu, tutaongea mpaka jioni.