Shavu la Mume Wangu

Mwenzangu uko wapi? Nimefanya jambo ambalo sitajisamehe.

Kaka yangu amempiga mume wangu kofi. Sebuleni kwangu, mbele ya mama!

Ni zile alama nyeusi za mikononi. Mama aliziona juzi nikifua. Leo kaja na kaka, hata kuketi hawakutaka. "Unampiga dada yangu?" Mume wangu akajibu, "Sijawahi kumgusa." Pa!

Na mimi nimekaa palepale kama gogo. Wewe peke yako ndiye niliyekwambia ni saratani ya damu, kwamba siku hizi nikijigonga kidogo tu kwenye meza ngozi inavilia damu. Neno moja lingetosha. Neno moja! Nikamtazama mama na presha yake, nikaogopa ataanguka.

Mume wangu akanigeukia. Nikainamisha macho. Unaelewa nilichofanya? Ni kama nimesema ndiyo, ananipiga.

Ndipo akawaambia, "Nisameheni. Haitatokea tena." Mtu ambaye hajawahi hata kunifokea!

Walipoondoka nikajifungia chumbani. Sasa hivi amegonga, nikamfungulia. Shavu limevimba, mkononi ana glasi ya maji. Nikajua leo ndoa imekwisha.

Akanipita, akafungua droo ya cherehani, akaingiza mkono chini ya nyuzi, kulekule ninakoficha dawa. Wala hakutafuta. Alikwenda moja kwa moja.

"Za saa nane hujameza," akasema.