Cherehani ya bluu

Sitara shoga yangu, pokea simu!

Unakumbuka bosi alivyotushikia bango, eti watafiti tuandike tunayoyajua, watu watujue? Basi jana nikaweka makala mtandaoni. Nikasema kuna tajiri soko la Mchikichini anafungua belo za mitumba, anatoa nguo kali, anazifunga upya na kuziuza kama hazijaguswa.

Aliyenieleza ni Bi Mwanamize, fundi wa pale sokoni. Nilimwahidi jina lake halitatoka. Na halikutoka, wallahi!

Sasa hivi kanipigia, anaongea kwa kunong'ona. "Mwanangu, umeandika fundi mwenye cherehani ya bluu."

Nikamwambia, "Bi mkubwa, jina sijaandika."

"Cherehani ya bluu soko zima ni yangu peke yangu. Watu wa tajiri wamesimama hapa mbele, wanaitazama."

Wanaitazama, Sitara! Simu ikakatika. Napiga, haipatikani.

Makala nimeifuta, lakini watu washaipiga picha, inazunguka kwenye magrupu.

Niko Mnazi Mmoja, nakimbia kwa miguu kwenda kwake. Na bosi ndo kwanza katuma ujumbe: "Hongera! Umeandika mpaka mtu anaiona ile cherehani."