Kiganja cha Kidege

Saa nne na dakika kumi asubuhi. Mwenye ukumbi wa maonyesho kasimama jikoni kwangu, anaitazama picha yangu kubwa, na katikati ya picha kuna kiganja cha Kidege. Mwanangu, dada. Vidole vyote vitano, kwenye rangi mbichi.

Nilikuwa nimeiegemeza juu ya friji, mahali pekee asipofika. Kumbe alipanda kiti.

Yule bwana akasema, "Kifute. Watu wakijua unachora jikoni huku unalea mtoto, hawatakuona msanii."

Hawataniona msanii! Miaka sita nachora jikoni, na kila picha aliyowahi kuisifu imetoka humu humu.

Nikamuuliza, "Nisipokifuta?"

"Jumamosi nafasi yako nampa mwingine."

Maonyesho yangu ya kwanza, na unajua nilivyoyasubiri. Nikachukua brashi. Akatabasamu, akadhani nimesalimu amri. Nikaandika jina langu chini ya kiganja, na la Kidege pembeni yake.

Yule bwana akasema, "Mama, umejiharibia mwenyewe."

Nikamwambia, "Mlango ni ule ule ulioingilia."

Sasa sikia. Mama mkwe alikuwa mezani anakunja nguo. Huyu huyu anayewaambia watu kwamba mke wa mwanawe anachezea rangi. Gari la yule bwana lilipoondoka tu, akaweka nguo kando. Kisha akauliza, "Nyundo mnaiweka wapi?"

Saa nne na nusu picha ilikuwa ukutani sebuleni. Msumari kaupigilia yeye.