Njia Niliyowaonyesha Wageni

Mweiga, Jumamosi, Julai.

Ukungu haujaondoka tangu asubuhi. Nina hasira, na ninayemkasirikia ndiye anayeandika hapa.

Leo nilimsindikiza mjukuu wangu, Nekesa, kutembezwa katika chuo anachotaka kujiunga nacho huko Nyeri. Msichana aliyetuongoza alitabasamu kila mlango. Maktaba hii, maabara ile. Halafu akasema, "Hapa ni kama nyumbani."

Nikapaza sauti mbele ya wazazi wote: tuonyeshe nyuma ya jikoni!

Tukapelekwa. Palikuwa na mapipa ya takataka na bustani ya sukuma wiki. Nekesa aliona aibu mpaka akashindwa kunitazama. "Shosho, kwani ulikuwa unatafuta nini huko?" Naandika kwa sababu mdomo umekataa.

Miaka ya sabini nilisomea ualimu katika chuo kimoja cha wasichana chini ya Mlima Kenya. Baba alikuwa polisi kutoka magharibi aliyehamishiwa huku, kwa hiyo Kiswahili changu kilikuwa safi kuliko cha wengi. Ndiyo maana nilipoingia mwaka wa pili mkuu wa chuo alinichagua niwatembeze wasichana waliotaka kujiunga, pamoja na wazazi wao. Njia alinipangia yeye: lango, kanisa, madarasa, bweni moja lililotandikwa mashuka mapya, mwisho hapo. Nyuma ya jikoni tusifike.

Huko palikuwa na karo la kufulia, hodhi la saruji. Hapo ndipo sisi wa mwaka wa pili "tuliwabatiza" wanafunzi wapya. Unazamishwa kichwa kwenye maji ya mlimani mpaka uone giza, kisha unapigwa kwa mwiko wa ugali, ule mrefu wa jikoni. Mimi nilibatizwa mwaka wangu wa kwanza. Kidole changu kidogo cha kushoto kilivunjika kikapona kimepinda, na siku za wageni mkono huo ulikaa ndani ya mfuko wa sweta.

Mkuu alijua. Sote tulijua.

Siku moja akaja mkulima wa viazi kutoka Endarasha na binti yake, Wairimu. Mzee yule alikagua kila kitu kama anayenunua ng'ombe. Akanyoosha kidole. "Na huko nyuma iko nini?"

"Ni mahali pa kufulia tu, mzee. Hapa ni kama nyumbani."

Wairimu akanitazama, akacheka. Nilijua papo hapo kwamba angekuja, na nilijivuna.

Alikuja. Wiki ya kwanza alinifuata kila mahali akiwaambia wenzake kwamba mimi ndiye niliyemwonyesha chuo. Jumamosi mchana tukawapeleka karoni. Zamu ya mwiko ilikuwa yangu. Wairimu alipotolewa majini aliniona, akashusha pumzi kama mtu aliyeokolewa. Akaniita dada.

Nilimpiga. Ningeweza kumpiga mgongoni mara tatu yakaisha, kama wengine walivyofanya. Lakini alinitazama vile, na nilitaka ayafumbe macho yale. Nilipiga mabega, nikapiga mikono aliyojikingia, na mwiko ukatua sikioni. Damu ikashuka shingoni hadi kwenye kola ya blauzi mpya. Wenzangu walipiga makofi. Nikaongeza pigo moja.

Na nilisikia raha. Sijawahi kuandika sentensi hiyo popote.

Sikio lake la kushoto halikusikia tena. Wairimu hakumtaja mtu. Alisema aliteleza karoni. Baba yake alipokuja kumchukua alinikuta langoni, nimetumwa na mkuu nisaidie kubeba sanduku. Akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Asante sana, mwarimu. Wewe ulichunga mtoto yangu vizuri."

Nikamwambia karibu tena, mzee.

Nimefundisha zaidi ya miaka thelathini bila kumgusa mtoto kwa fimbo. Wazazi walinisifu kwa upole. Upole gani? Niliuogopa mkono wangu tu.

Wairimu anauza mbegu za viazi Endarasha, si mbali na hapa. Mteja akimwita, hugeuza kichwa kwanza ndipo amsikie. Nimepita kando yake sokoni mara nyingi, kila mara upande wa kushoto, haraka, nikijua hatasikia nyayo zangu.

Nekesa ameshaamua. Anakitaka chuo kile kwa sababu yule msichana alikuwa mzuri, na sasa yuko mezani anatafuta kalamu ya kujazia fomu. Kabla hajaandika jina lake nitamsomea haya yote, hata ile sentensi ya raha. Aniogope akitaka.

Na kesho, baada ya kanisa, nitaenda Endarasha. Nitasimama upande wa kulia.