Ruhusa ya Kuingia na Kutazama

Nairobi, 9 Novemba 1995

Kaka Muthama,

Nasikia mvua imefika Kyuso na mmeshapanda ndengu. Watoto wangu ni wazima.

Juzi kazini niliandika programu, kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, ya kutengeneza folda ya ofisi nzima. Amri yake ni mkdir. Nilitaja wazi kwamba kila mtu aruhusiwe kuingia, kutazama na kuweka kazi yake. Kompyuta ikajibu kwamba imefanya. Lakini mwenzangu Shufaa alipotaka kuweka faili, akakataliwa. Aliweza kuingia na kutazama tu. Kumbe mfumo una kanuni yake ya tangu zamani, inayopunguza ruhusa kimyakimya folda inapoundwa.

Nikakukumbuka wewe. Ndoa yangu ilipovunjika, Baba alisema mbele ya wazee kwamba shamba la mtoni ni la watoto wake wote, hata mimi. Ukaitikia kwa kichwa. Nilipokuja na mbegu, nikakuta umeshalima lote. Hukunifukuza. Ulinikaribisha vizuri, ukamwambia mkeo atoe vikombe vya wageni.

Ile folda niliirekebisha kwa mstari mmoja, kwa sababu ni yangu, na mwenye folda ndiye anayeweza kubadilisha ruhusa. Mwenye shamba tulimzika Agosti.

Krismasi usiniite. Chai ninayo huku.

Ni mimi, niliyezaliwa kwenye nyumba hiyo kabla yako,
Kalunde