Mnaota Nini Huko Mlimani

3 Juni

Mwanangu mpendwa,

Salamu hizi zikukute ukipumua bila shida. Mimi hapa sijambo. Goti linalalamika, lakini hilo ni nung'uniko la zamani, silisikilizi tena. Kiti cha marehemu mama yako bado kipo dirishani.

Niwie radhi kwa swali la kizee. Uliandika kwamba asubuhi, kabla ya zamu, wewe na mwenzako Kobe "mnaota kwenye mtambo". Sisi tuliofundishwa na mapadre tulizoeshwa kumaliza sentensi. Mnaota nini? Ikiwa ni ndoto, na askari wanalala mbele ya rada, basi sote tumo mashakani.

Baba yako

21 Juni

Shikamoo Baba,

Goti lichue, usilinyamazie. Sisi wazima, ila baridi ya huku haina adabu.

Hatulali, Baba. Tunaota moto, tena usio na moshi. Rada ina dishi kubwa linalorusha mawimbi. Ukisimama mbele yake likiwa limewashwa unapata joto la ajabu: linaanzia ndani ya mwili, ngozi inafuata. Tunaliita Jiko. Kipo kibao cha kukataza, ila kimepauka, na afisa wetu mwenyewe huja pale na kikombe chake cha chai. Kobe, ambaye kila binti aliyemposa amemkataa, anasema angalau jeshi limempatia jiko.

Mwanao

9 Julai

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi kujua u mzima, na nimecheka kwa ajili ya Kobe. Mpe pole zangu.

Naomba radhi kuingilia kazi nisiyoijua. Lakini kibao kilichopauka, mwanangu, hakijabadili neno lililoandikwa juu yake. Ninakutumia sweta la buluu, la mwisho alilofuma mama yako. Mkono wa kushoto umezidi kidogo ule wa kulia: nilikuwa nikimsomea kwa sauti, akasahau kupima. Alitaka kuufumua, nikamsihi auache. Livae, usiote.

Baba yako

16 Februari

Shikamoo Baba,

Unisamehe kwa kimya hiki kirefu. Natumaini wewe hujambo. Sweta ninalo mwilini. Kambini sasa naitwa Mkono Mrefu.

Baba, wewe hupenda sentensi iliyokamilika. Kuna kitu kimeota nyuma ya sikio langu la kushoto, upande niliozoea kuuelekeza kwenye Jiko. Kilianza kama punje ya harage, nikakipuuza. Nipo hospitali kuu. Wamekata kipande wakakipima, wamesema ni saratani ya tezi, na imeshatembea.

Nilimwuliza daktari kama ni Jiko. Akavua miwani, akasema, "Siwezi kukuambia ndiyo, na siwezi kukuambia hapana." Akanieleza kwamba wapo waliofanya kazi kwenye mitambo hiyo mpaka wakastaafu, wakazeeka salama. Ningependa anidanganye, Baba, upande wowote ule, nipate wa kumlaumu au nilale.

Usije. Safari ni ndefu na goti lako silisahau.

Mwanao

2 Machi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nimeisoma nikiwa nimeketi. Unisamehe, kwa mara hii sitakutii. Nakuja. Goti litanifuata likitaka.

Baba yako

11 Mei

Shikamoo Baba,

Umefika salama nyumbani? Wodi imepoa tangu uondoke. Yule jirani wa kitanda cha pili anauliza mzee wa kusoma kwa sauti atarudi lini, maana umemwacha katikati ya hadithi.

Usiku wa kuamkia leo nilikuota. Ulikuwa unasoma, na Mama anafuma, nami nimekaa sakafuni nimeshika uzi. Hii sasa ni ndoto kweli, Baba, usije ukaniuliza tena.

Kobe alikuja kunitazama. Bado anaota kwenye Jiko. Nimemkataza, akanitania kwamba namwonea wivu. Alipoona sikucheka, akaangalia chini. Sina tena pumzi ya kumgombeza. Wewe unayo maneno.

Mwanao

19 Julai

Kijana wangu Kobe,

Salamu nyingi, na naomba zikukute ukiwa na afya. Niwie radhi kukuita kwa jina la utani; ndilo pekee nililoachiwa.

Najua hukupewa ruhusa ya kuja kuzika, kwa hiyo usijilaumu. Tumemlaza karibu na mama yake. Alikuwa mwepesi mno. Waliobeba hawakuhitaji kupokezana.

Sisemi kwamba Jiko ndilo lililomwua. Daktari hakulisema hilo, nami sina haki ya kulisema. Ninasema tu kwamba mimi sijui, wewe hujui, na kibao kipo. Mwanangu alinituma nikuombe, na kwa kuwa ni ombi lake la mwisho, nimelichelewesha kadiri nilivyoweza, nikihofia kwamba nikilitimiza sitakuwa na kazi nyingine aliyonipa. Unisamehe kwa uchelewaji huo, maana kila asubuhi niliyokaa kimya wewe ulikuwa pale.

Ndani ya kifurushi hiki kuna sweta. Nimelifua. Mkono wa kushoto umezidi, ukunje, usiukate. Livae, mwanangu, usiote.

Kisha uniandikie kama limekutosha. Nimezoea kupata barua kutoka huko mlimani.

Baba yako