Akala Isiyobana

Mjukuu wangu Zainabu, salaam aleikum. Huku Kiwanjani tuko, alhamdulilahi. Mama yako amepona kifua, lakini mvua imetukataa.

Unasomea kutengeneza viatu vya wagonjwa, ndiyo maana unaniuliza babu yako alipotezaje mguu. Watu husema ni sukari. Ni kweli, ila mimi hukumbuka jibu alilotoa siku moja sokoni.

Serikali ya kaunti ilikuwa bado changa. Tulienda kwa fundi wa akala sokoni. Alimsimamisha babu yako juu ya kipande cha tairi, akachora mguu kwa chaki, akakata, akapigilia kanda kwa misumari. Kisha akauliza kama mafundi wote, "Mzee, inabana?"

Babu yako akatembea kidogo, akacheka. "Haibani hata! Ni kama sijavaa kitu."

Sote tukamsifu fundi.

Akaenda nazo mpaka Ngaremara kuangalia mbuzi. Aliporudi akavua, akaketi, akaniomba chai. Nikaona damu kwenye mkeka. Msumari ulikuwa umetokeza juu ya soli, na yeye bado anauliza chai iko wapi. Miguu yake ilikuwa imekufa ganzi, na hatukujua.

Ya hospitali sitayaandika. Mguu ulitangulia kuzikwa, yeye akafuata.

Yule fundi bado yuko. Juzi nilienda anitengenezee zangu. Alipomaliza alipitisha kiganja juu ya soli, polepole, msumari kwa msumari. Kisha akapiga magoti, akainua mguu wangu, akautazama unyayo.

Siku hizi haulizi mtu kama inabana.

Nyanya yako